Akinyi, kabla uende Fort Jesus pitia huku kwetu kwanza

Akinyi nyathina, huku Kisumu sisi wazima. Nimesikia mnapanga na wenzako wa darasa kwenda kuona Fort Jesus alafu mpitie magofu ya Gedi, mimi sikatai, nendeni. Lakini wewe unasomea ujenzi na bado hujaona Thimlich Ohinga, lile boma la kale la kuta za mawe, na iko hapa tu Migori, hiyo inanisumbua roho sana.

Fort Jesus Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sasa Thimlich haina chokaa, haina simiti, ni mawe matupu yamelaliana, na kuna mahali ukuta unapita mita 4 kwenda juu, na umesimama hivyo tangu karne ya 16 hivi! Mafundi walikuwa wanapanga mawe upande wa nje, wanapanga upande wa ndani, alafu pale katikati wanajaza mawe madogo madogo yanashika pande zote mbili, na ukuta wenyewe hauendi moja kwa moja, unapinda pinda, na pale penye ungelegea wameuegemeza mawe mengine. Mlango ni mfupi, lazima uiname, kwa hivyo adui akiingia anatanguliza kichwa na mlinzi yuko hapo ndani anamngoja. Ndani kuna boma za ng'ombe, alama za nyumba, na mahali pa kufulia chuma.

Kitu inanigusa zaidi ni kwamba si watu wa kabila moja waliokaa hapo, walikuwa wanahama, wengine wanakuja, na waliokuja walirekebisha ukuta waliokuta badala ya kuubomoa. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018, mimi naona walichelewa.

Lile boma la Kijaluo la pale Kisumu Museum ulipelekwa ukiwa mdogo, ni zuri, linafunza nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inakaa wapi, lakini lilijengwa la kuonyesha watu. Thimlich watu waliishi.

Ukifika usipande ukuta hata kama ni ya picha, jiwe moja likitoka na mengine yanafuata. Beba tepu ya kupimia na daftari. Tutapitia Homa Bay mpaka Rodi Kopany tuendelee mbele, ni mbali kidogo, kwa hivyo niambie mnafunga chuo lini nimuulize mjomba wako kama gari itakuwepo.

Mamako