Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: ripoti za kidato cha kwanza na cha pili hatuzielewi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mheshimiwa, Assalaam alaykum.

Nina duka la fotokopi na vifaa vya skuli hapa Wete. Skuli zikifungwa, Juni na Disemba, wazee huja kutoa kopi za ripoti za watoto wao, na wengi wao wakishalipa hawaondoki. Hunigeuzia karatasi wakaniuliza: "Hebu nitazamie, huyu kafaulu au hakufaulu?" Mtu ana ripoti yenye muhuri wa skuli, saini ya mwalimu mkuu na namba chungu nzima, na bado anamuuliza muuza madaftari. Sikuandikii kushitaki skuli wala mwalimu. Nakuomba jambo lililo ndani ya uwezo wa Wizara yako: ripoti ya kidato cha kwanza na cha pili imwambie mzee mtoto wake anajua nini, hajui nini, na amebakisha kiasi gani kufika anakotakiwa kufika.

Nikupe mfano mmoja, mwenyewe mama kaniruhusu ila jina nisilitaje. Binti yuko kidato cha pili. Dini 86, Kiarabu 81, Kiswahili 78, Uraia 66, Historia 64, Jiografia 52, Kiingereza 47, Biolojia 41, Kemia 33, Fizikia 24, Hisabati 11. Wastani 53, nafasi ya 14 katika wanafunzi 61. Chini kabisa mwalimu wa darasa kaandika kwa Kiingereza kwamba anaendelea vizuri ila aongeze bidii. Mama alikuwa na furaha yake, na nani angemlaumu? Watoto 47 wako nyuma ya mwanawe.

Nikachukua kalamu. Kwa kipimo cha Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kidato cha nne, 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A ni pointi 1, F ni pointi 5, na yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Binti huyu anatoka na pointi 14. Divisheni ya kwanza inaanzia pointi 7 na kuishia 17. Kwa hesabu ya pointi peke yake, basi, huyu ni mtoto wa divisheni ya kwanza, na Hisabati ana 11! Mama anataka mwanawe awe daktari. Hakuna mstari hata mmoja katika karatasi ile unaomwambia kwamba kwa Fizikia ya 24 na Kemia ya 33 njia ya udaktari inazibika, tena inazibika wakati wao wanapongezana.

Utaniambia kipimo cha kidato cha nne sicho cha kidato cha pili, na ni kweli. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili huku kwetu unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na hizi za mwisho wa muhula ni alama za ndani, mwalimu katunga mwenyewe na kasahihisha mwenyewe. Hapo ndipo tunapopotelea. Mzee ana karatasi yenye 53 na hajui ni 53 ya kipimo gani. Dukani kwangu zinapita ripoti za skuli nyingi. Ipo inayohesabu kufaulu kuanzia 30, ipo inayoanzia 40, na ipo isiyosema chochote, imegonga tu muhuri wa "amefaulu". Moja inatoa herufi bila alama, nyengine alama bila herufi. Watoto wawili wa nyumba moja, skuli mbili tofauti, baba hawezi kuwalinganisha hata akitaka, na kwa kweli hapaswi kuwalinganisha kwa sababu mitihani yenyewe haikuwa mmoja.

Sasa nirudi kwenye ile 11, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nilimwambia mama amtume mtoto na karatasi ya mtihani wenyewe. Alikuja nayo baada ya Alasiri, ameikunja mara nne kama mtu anayeficha kitu. Swali la mwanzo lilimtaka ajumlishe nusu na theluthi. Kaandika 2/5: kajumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Swali la pili, kosa lile lile. La tatu lile lile. Alipofika kwenye milinganyo, kila palipokuwa na sehemu, yaani namba kama nusu na theluthi, alianguka, na pasipo na sehemu alipita vizuri. Hiyo si hali ya mtoto asiyejua hesabu. Ni shimo moja, alilitoa skuli ya msingi, na kila somo jipya linajengwa juu yake.

Kulikuwa na maswali matatu ya maneno, ya Kiingereza, kayaacha matupu yote. Nikamsomea moja kwa Kiswahili: mtu kanunua baiskeli kwa shilingi 150,000, kaiuza kwa faida ya asilimia 20, kaiuza kiasi gani? Akanijibu 180,000, kalamu hakuigusa. Kwa hiyo ndani ya ile 11 mna vitu viwili vilivyofungwa pamoja: sehemu ambazo hakuzielewa, na Kiingereza cha swali. Sera ya elimu ya 2006 ilitaka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sibishani na sera leo, hiyo ni barua nyengine. Nasema tu kwamba dawa ya shimo la kwanza siyo dawa ya la pili, na ripoti imeyachanganya yote mawili ikaandika "aongeze bidii". Bidii ya kufanya nini? Mama alikuwa tayari kumlipia tuisheni ya masomo yote kumi na moja.

Mheshimiwa, sisi Wapemba si wageni wa madaraja. Mtu akipeleka karafuu kituoni anajua daraja la kwanza linatakaje: ukavu wake, usafi wake, makonyo yatolewe. Akishushwa daraja la pili anaambiwa sababu, akazianike tena kama anataka, na bei ya kila daraja anaijua. Mkulima huyo huyo anapokea ripoti ya mwanawe na haambiwi hata moja katika hayo.

Na hii nafasi darasani nakuomba iangaliwe vizuri. Wazee tunaipenda kuliko kitu chochote, nakiri, ndiyo tunayotangaziana barazani na harusini. Lakini wa kwanza katika darasa dhaifu anaweza kuwa nyuma ya wa ishirini katika darasa lenye nguvu. Mtoto akipanda kutoka nafasi ya 20 hadi ya 12, pengine yeye kabaki pale pale, wenziwe ndio walioanguka. Msimu wa karafuu ukichanganya, watoto wengi wakakosa vipindi, nafasi zinapinduka bila ya mtu kujifunza kitu. Siombi ifutwe. Naomba pembeni ya kila alama iandikwe alama ya kufaulu na wastani wa darasa katika somo hilo, tujue 41 ya Biolojia ni ya mtoto peke yake au darasa zima liko huko.

Wenzetu wa Uingereza walishayapitia haya. Skuli zao zilikuwa zikitumia ngazi za namba. Mtoto wa miaka 11 alitarajiwa awe ngazi ya 4, wa miaka 14 awe ya 5 au ya 6, na skuli zikazigawa ngazi zenyewe kwa herufi a, b na c. Ndugu yangu anayeishi huko aliwahi kunisomea kwenye simu ripoti ya mwanawe, Sayansi 5c, na hakujua kama c ni juu ya a au chini yake. (Ni chini.) Septemba 2014 Serikali yao iliziondoa ngazi hizo kwa hoja inayofanana sana na hii yangu: mtoto anapandishwa namba huku ana mashimo, na mzee anaijua namba bila kujua mtoto anaweza nini. Lakini hawakuweka kipimo kimoja badala yake, kila skuli iliachiwa itunge cha kwake, na wazee wakapata tabu mpya. Kwa hiyo tusije tukafuta A na B tukadhani tumemaliza.

Mtaala mpya unazungumzia umahiri, yaani yale mtoto anayoweza kuyafanya, kila ukurasa. Basi ripoti nayo izungumzie umahiri. Najua hoja itakayoletwa mezani kwako: mwalimu wa Hisabati ana mikondo minne, kila mkondo watoto sitini, hataweza kumwandikia kila mmoja insha. Ni haki yake kusema hivyo. Taasisi ya Elimu Zanzibar ingeweza kutayarisha, kwa kila somo na kila muhula, orodha fupi ya mambo matano au sita ya Kiswahili chepesi: anajumlisha sehemu zenye asili tofauti, anafumbua mlinganyo, anasoma swali la maneno na kulielewa. Mwalimu aweke alama ya vyema kwenye aliyoyaweza tu, kwani karatasi za mtihani anazo mkononi tayari. Nyuma ya ripoti, ambako hivi sasa ni peupe, uchapwe ufunguo mmoja kwa skuli zote za Serikali, Unguja na Pemba: A inaanzia wapi, kufaulu ni ngapi, na alama hizi zinahusiana vipi na mtihani wa taifa wa kidato cha pili.

Mkutano wa wazee wa kueleza ripoti nao uwe kidato cha kwanza, ripoti ya mwanzo inapotoka. Hivi sasa wengi tunaitwa mtihani wa kidato cha pili unapokaribia, tukaambiwa mtoto ana hali mbaya, na miezi iliyobaki haitoshi hata kurudia sehemu.

Yule binti tulianza naye sehemu wiki ile ile, dukani, baina ya mteja na mteja. Nilikuwa mwalimu zamani, kwa hiyo haikunishinda. Wengine ninaowatolea kopi siwezi kuwachukua wote, na wazee wao hawajui hata cha kumwomba mwalimu wa tuisheni afundishe. Ripoti zijazo zitatoka Disemba. Ikiwa ufunguo ule hautawahi kwa skuli zote, basi tunaomba uanze na skuli za wilaya moja, na Wete tuko tayari iwe sisi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzee wa mwanafunzi, Wete, Pemba.
Nakala: Afisa Elimu wa Wilaya.