Kwa vijana mnaokuja Uganda kufundisha Kiswahili

Wanangu,

Salamu kutoka Jinja. Nasikia mmepangiwa shule kwa muhula wa tatu, wengine mtaingilia Mutukula, wengine Busia. Chanjo ya homa ya manjano muipate angalau siku 10 kabla ya safari, maana kabla ya hapo kadi haihesabiwi. Chandarua kije na kamba ya mita nne na misumari minne. Vyumba vingi vya walimu havina pa kukitundika. Mashati meupe yaacheni kwenu, vumbi letu ni jekundu. Kuhusu mizigo nimemaliza. Lililobaki ni la masikio.

Kiswahili kwetu kina historia ya bunduki. Tangu enzi za KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, kilikuwa lugha ya amri kambini, na Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 ndipo watu wengi wa Buganda walizidi kukikwepa. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Lakini nyanya wa mwanafunzi wako akisikia sauti kali ikisema "Kuja hapa!" huenda anakumbuka kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo wiki ya kwanza msianze na vitenzi vya amri, hata kama kitabu kinaanza navyo. Anzeni na naomba, tafadhali, samahani, asante, karibu. Mtoto akirudi nyumbani akasema "Naomba maji, tafadhali," mmeshapata wakili ndani ya nyumba ile.

Sasa matamshi. Katika Luganda r hukaa baada ya e na i, kwingine kote ni l. Mtoto habahatishi, anafuata kanuni ya kwao. Ndiyo maana hela itakuwa "hera", pilipili itakuwa "piripiri", barua itakuwa "balua", na wananchi watakwenda kupiga kula. Mahari itakuwa mahali, na hapo darasa lenye mwalimu mcheshi litacheka dakika tano. Dawa si kupiga kelele "Rrr!" ubaoni. Ichukueni r pale inapoishi tayari: mtoto aseme iri, iri, kisha ira, kisha ura, kisha kura. Siku tatu, dakika tano kila siku, inaingia. H nayo haimo katika maneno yao ya kawaida, utasikia "abali" badala ya habari. Waambieni wapulize unga wa chaki kiganjani, pumzi ile ile ndiyo h. Mkipelekwa upande wa Mbarara mambo yanageuka: h wanayo, ila kulala kunakuwa "kurara". Kanuni mliyoizoea Kampala msiende nayo huko.

Ngeli ndizo zinazowatia vijana wa kujitolea homa, wanachora jedwali la ubao mzima. Futeni. Mwulizeni mtoto wa Kiganda aseme kitabu changu kwa lugha yake: ekitabo kyange. Vitabu vyangu: ebitabo byange. Mti wangu: omuti gwange, miti yangu: emiti gyange. Ngeli anazo tangu anyonye, kazi yenu ni kumwonyesha kwamba ki- inabaki ki-, na bi- inageuka vi-. Ujanja huu unakufa ukifika Gulu, Lira au Arua, kwa sababu Kiacholi, Kilango na Kilugbara si lugha za Kibantu. Huko nendeni na vitu mkononi: kikombe kimoja, vikombe vitatu, na wimbo.

Wala msiulize "Mmeelewa?" Mtajibiwa "Ndiyooo!" na watoto themanini, pamoja na yule aliyelala. Mwambie mmoja aonyeshe. Na ukimwuliza mmoja peke yake akanyanyua nyusi bila kusema neno, usimfokee: amekujibu ndiyo. Msichana akipiga magoti kukupa daftari, usimvute mkono kumwinua. Pokea, mwitikie, atainuka mwenyewe.

Halafu kuna mvua. Septemba hadi Novemba ikishuka juu ya mabati hakuna somo la matamshi, hata mkipasua koo. Wekeni tayari kazi ya kimya kila siku: sentensi sita zenye mapengo, ziandikwe ubaoni upesi wingu likianza kujikusanya. Wasiokuwa na kazi hiyo huishia kuimba, na kuimba nako hakusikiki.

Ninyi kwa ninyi, Mtanzania na Mkenya, msisahihishane mbele ya darasa. Sima au ugali, malizeni chumbani. Sheng iacheni mpakani.

Tena, mwalimu mkuu akiwaambia kwamba saa saba walimu wote wanapata posho, msianze kupanga matumizi. Posho kwetu ni ugali, na huja na maharage. Asubuhi mkimkuta mtu yuko kazini, mwambieni "Gyebale ko," mpongezeni kwanza kabla ya kuomba chochote. Atajibu, atauliza, mtaguna "mmm" mara tatu nne kwa kupokezana, msiharakishe.

La mwisho ni maji. Kwa Luganda ni amazzi, na ile z mnaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Mkiiachia upesi ikawa z moja, mmeomba kinyesi, tena kwa heshima zote. Hadi masikio yazoee, onyesheni kidole kwenye dumu la manjano.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Jinja