Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mtoto Apimwe Kabla Hajanyimwa Chakula

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, pamoja na madaktari na wauguzi mliotutolea Jumamosi yenu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na karibuni sana.

Mwaka jana nilisimama hapa nikawaomba tulitangaze jina la ugonjwa huu wa watoto wetu: ugonjwa wa eosinofili (aina ya seli za damu) kwenye njia ya chakula. Mmelitangaza, kwenye kliniki, misikitini, kwenye jumuiya na kwenye vikoba. Nawashukuru. Lakini jina lilipoanza kufahamika, limezuka jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo nitakalolizungumzia zaidi leo. Mzazi anasikia kuna mzio wa chakula unaokaa tumboni, anarudi nyumbani na kuanza kumwondolea mtoto vyakula, leo maziwa, kesho mayai, keshokutwa samaki, bila kipimo na bila mtu wa lishe.

Mwaka huu alitufikia mama mmoja na bintiye wa miaka miwili. Kwa miezi minne mtoto yule alikuwa akila wali mweupe na ndizi za kuchemsha, basi. Nilipomsaidia kumbadilisha nguo niliona shanga alizovishwa kiunoni akiwa mchanga. Kwa umri wake zilipaswa ziwe zimeshaongezwa uzi zaidi ya mara moja. Bado zilikuwa zinamtosha. Tulipofanikiwa kumfikisha kwenye kipimo, majibu ya vinyama, yaani vipande vidogo vinavyochukuliwa kwenye njia ya chakula na kutazamwa kwa darubini, yalirudi safi. Hakuwa na ugonjwa huu kabisa. Mama yake alilia, nami nililia naye, kwa sababu alichokifanya alikifanya kwa mapenzi, na sehemu ya habari alizozifuata zilitoka kwetu.

Kwa wanachama wapya nieleze kidogo. Eosinofili ni aina ya seli nyeupe za damu, askari ambao kazi yao mojawapo ni kupambana na minyoo. Kwenye tumbo na utumbo huwapo kwa kiasi chao kila siku. Kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hawatakiwi kuwapo. Kwa baadhi ya watoto askari hawa hukigeukia chakula, hujazana kwenye ukuta wa njia ya chakula na kuufanya uvimbe. Ukiachwa miaka mingi, umio hukakamaa na kuwa mwembamba. Ugonjwa unaweza kushika umio, au tumbo, au utumbo mwembamba, au mpana. Wa umio ndio unaofahamika zaidi.

Dalili hubadilika na umri, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Mchanga anagoma kunyonya, anatapika, uzito unalala kwenye kadi ya kliniki. Mkubwa kidogo analalamika tumbo. Akifikia ujana, nyama inamkwama. Mwanangu mwenyewe nilimwita mdekaji kwa miaka miwili. Kila tonge alilisindikiza na maji. Wenzake walikuwa wameshanawa na kuondoka, yeye bado yuko mkekani, kipande cha nyama kimefichwa shavuni kama kidonge. Nilimpiga kofi siku moja kwa ajili ya kile kipande. Nalisema hapa kwa sababu najua humu ndani siko peke yangu.

Akina mama wenye wachanga, nawaomba msikie hili vizuri. Mtoto anayenyonya akitoa michirizi ya damu kwenye choo huku ana afya na anaongezeka uzito, mara nyingi ni mzio mwepesi wa protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwenye maziwa ya mama. Mpelekeni kwa daktari. Kwa kawaida atakayeambiwa aache maziwa ya ng'ombe ni mama, na mtoto aendelee kunyonya. Wengi huachana na hali hiyo wakifikisha mwaka mmoja. Mwaka huu tumekutana na mama aliyeambiwa na majirani amwachishe mtoto ziwa. Asiachishwe.

Sasa kipimo. Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa damu, wala kwa kuchomwa ngozi ya mkono. Huthibitishwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, na kwa vinyama. Mtoto anaweza kupigwa mpira, umio ukaonekana mzuri kabisa kwa macho, na chini ya darubini ukakutwa umejaa eosinofili. Ndiyo maana miongozo inataka vipande visivyopungua 6, kutoka sehemu tofauti za umio, na hesabu inayotafutwa ni eosinofili 15 au zaidi kwenye uga mmoja, yaani eneo linaloonekana kwa mara moja, wa darubini yenye ukuzaji mkubwa. Mwanangu alipigwa mpira wa kwanza bila kuchukuliwa kinyama hata kimoja. Tukaambiwa yuko salama. Tulipoteza miezi 11. Kwa hiyo mkiandikiwa kipimo hiki, ulizeni kabla mtoto hajalazwa usingizi: daktari, vinyama vitachukuliwa? Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Na kwetu huku kuna jambo la minyoo. Safura, kichocho na wenzao hupandisha eosinofili, kwa hiyo choo kipimwe kwanza na minyoo itibiwe. Iko hata minyoo ambayo, mtoto akipewa dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe) kabla haijatibiwa, huzaliana na kusambaa mwilini kiasi cha kuhatarisha maisha. Wataalamu wetu wamelisisitiza hili kila tulipokutana.

Kwamba chakula kina mkono katika ugonjwa huu si dhana. Mwaka 1995 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha habari za watoto 10 waliokuwa wakitibiwa kiungulia bila kupona. Waliondolewa vyakula vya kawaida wakapewa maziwa maalumu ambayo protini yake imeshavunjwa hadi asidi amino. Wanane dalili ziliisha, wawili wakapata nafuu. Tangu hapo ukatokea utaratibu wa kuondoa makundi sita: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii ya korosho, samaki na jamii ya kamba. Siku hizi wataalamu wengi huanza na maziwa peke yake, maana ndiyo yanayoongoza kwa kuleta shida, kisha mpira hurudiwa kuona kama umio umepona. Mzazi mwenye haraka ya kuondoa yote sita kwa mpigo anajitwisha mzigo ambao huenda mtoto wake hauhitaji.

Tumejifunza pia kutazama jiko letu wenyewe. Unga wa lishe tunaouamini sote mara nyingi huchanganywa ngano, soya na karanga, na wengine huongeza dagaa. Kikombe kimoja cha uji, makundi manne kati ya sita! Mama anaacha mayai huku kila asubuhi anamkorogea mtoto uji ule. Mchicha unaungwa kwa karanga. Kwa upande mwingine tuna ugali, wali, viazi vitamu, mihogo, maharage, kuku na tui la nazi, vyote nje ya yale makundi sita. Akina mama wa kamati ya chakula wametupikia mara tatu mwaka huu, na maandazi yao ya unga wa mchele na tui yaliliwa yakaisha kabla sijayafikia.

Kuhusu dawa. Baadhi ya watoto hutulia kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Wengine hupewa steroidi ya kumeza, mara nyingi dawa ileile ya pumu, ambayo mtoto anaimeza badala ya kuivuta na kisha hali wala hanywi kwa nusu saa. Mama mmoja aliambiwa dukani kuwa daktari kakosea, akaiacha. Mkiambiwa hivyo, mpigieni daktari aliyeandika. Sindano ya dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ugonjwa huu wa umio kuanzia miaka 12, tangu Januari 2024 inaruhusiwa huko kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja wenye kilo 15 au zaidi. Ni habari njema, ila bei yake iko mbali nasi, na sitaki mtu auze kiwanja kabla hajajaribu kuondoa maziwa.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kamati inaombeni kura kwa jambo moja tu: michango ya mwaka ujao iende kwanza kwenye nauli na gharama za mpira kwa watoto ambao hawajapimwa, na semina zisubiri. Najua wapo wasiokubaliana nami, tutasikilizana.

Baada ya chai tutakaa kwa makundi. Mliokuja na pakiti tupu za unga wa lishe kama tulivyoomba, zitoeni mikobani mziweke kwenye meza ya mbele, tuanze kuzisoma moja moja.