Barua ya malalamiko: kompyuta chakavu zimeondoka na siri za wanafunzi wetu

Chumba cha Kompyuta,
Shule ya Sekondari,
Wilaya ya Bahi,
Dodoma.
19 Januari 2026

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uuzaji na Matengenezo ya Kompyuta,
Dodoma Mjini.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DISKI ZA KOMPYUTA CHAKAVU NA NYWILA ZA KOMPYUTA MLIZOTUUZIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 2025 mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alifika shuleni akiwa na kompyuta ya mezani ndani ya kiroba. Aliinunua mjini kwa fundi wa vifaa vya mitumba, kwa shilingi 150,000, ili kijana wake mkubwa ajifunzie kuchapa. Walipoiwasha nyumbani walikuta orodha ya matokeo ya kidato cha pili ya mwaka 2021 ya shule hii: majina, alama, madeni ya michango, namba za simu za wazazi. Jina la kijana wake mwenyewe lilikuwamo. Ubavuni mwa kompyuta, namba ya leja ya shule ilikuwa bado inasomeka kwa rangi nyeupe.

Hakuja kugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hii imefikaje kwa fundi?" Nilimwomba aketi, nikafungua mafaili mbele yake mpaka nilipofika kwenye folda ya mwalimu wa malezi. Hapo nilizima. Yaliyomo ni maneno ambayo watoto waliyasema faraghani, wengine wakilia: habari za nyumbani kwao, za afya zao, za watu waliowatendea vibaya. Sitayaandika hapa wala popote. Nataka tu ujue kwamba yalikaa kwenye meza ya fundi mjini, na sijui wangapi waliyasoma kabla yangu.

Kompyuta hiyo ni moja kati ya 11 ambazo gari lenu lilizichukua hapa Aprili 2025, siku mliyoleta nyingine 25. Hati ya makabidhiano ina sahihi ya fundi wenu, na inasema taarifa zitafutwa kabisa, kisha vifaa vipelekwe kuteketezwa kwa kufuata taratibu za mazingira. Kwa kazi hiyo mlitutoza shilingi 30,000 kwa kila kompyuta, jumla 330,000, na risiti ya EFD ninayo. Siku ile niliomba nitoe diski mwenyewe kabla gari halijaondoka. Fundi wenu alikataa, akasema nikifungua makasha bei ya makubaliano itavunjika. Nilimwamini. Hilo najilaumu nalo mpaka leo, lakini kulaumika kwangu hakuwaondolei ninyi wajibu mlioulipiwa.

Mtu wa kazi hii hahitaji kuambiwa kwamba kufuta faili na kumwaga pipa la taka la kompyuta hakuondoi kitu. Hata kufomati diski kwa haraka huondoa orodha ya mafaili tu, data yenyewe hubaki kwenye diski na programu ya bure huirudisha. Diski ya sumaku kama zile inatakiwa iandikwe upya yote mwanzo hadi mwisho, au itobolewe kwa drili. Drili ipo hata kwa fundi seremala wa hapa Bahi, angetutobolea zote 11 kabla ya chakula cha mchana. Na hii ya mama haikufutwa hata kwa njia ile dhaifu. Mafaili yalikuwa pale pale tulipoyaacha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake wote wawili. Shule ndiyo iliyokusanya. Ninyi mlizipokea kwa niaba yetu ili mziangamize. Taarifa za watoto sheria hiyo imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo tafadhali msirudie jibu la simu ya tarehe 9 Desemba kwamba "ni matokeo ya zamani tu". Msichana aliyekuwa kidato cha pili mwaka 2021 leo ni mtu mzima anayetafuta kazi au chuo, na siri yake haijazeeka.

Jambo la pili ni nywila. Kompyuta zote 25 mlizileta zikiwa zimefungwa kwa nywila yenu ya msimamizi, na nyingine ya kuingilia mipangilio ya msingi kabla mfumo haujawaka. Mlisema ni kwa usalama. Matokeo yake siwezi kuweka programu ya kuzuia virusi wala kubadili chochote bila kumwita fundi kutoka mjini, kila safari shilingi 80,000 pamoja na nauli. Septemba mwanafunzi aliyehamia kutoka shule nyingine ya mkoa huu aliniona nahangaika, akasema kwa heshima, "Mwalimu, mimi naijua." Akaiandika, ikafunguka. Inatumika shule alikotoka, na kwa hiyo nina kila sababu ya kuamini kwamba mmeiweka kwa wateja wenu wengi. Mimi ninayesimamia chumba sikuwa nayo, na mtoto wa miaka 15 alikuwa nayo. Niliwaandikia wiki hiyo hiyo muibadilishe. Haijabadilishwa.

Nywila hiyo imetuumiza kwa njia nyingine pia. Mlituuzia kompyuta hizi kwa shilingi 620,000 kila moja, mkisema zitatumika miaka mingi. Zina Windows 10, mfumo endeshi ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuupa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, miezi sita tu baada ya sisi kuzipokea. Windows 11, toleo lililofuata, hazipokei, prosesa zake ni za zamani mno. Tarehe hiyo ilikwishatangazwa mlipoandika ankara, na hamkutuambia. Hamkutuambia pia kwamba taasisi za elimu ziliwekewa nafasi ya kununua masasisho ya ziada kwa dola 1 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza. Ushauri wa fundi wenu ni tununue mpya. Wazazi wa hapa ni wakulima wa mpunga, mtama na alizeti. Wapo waliouza magunia ili kuchangia chumba hiki, na siwezi kusimama mbele yao kuwaambia mashine nzima, zinazowaka, ni takataka. Zikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, zitafundishia miaka kadhaa bado. Ila siwezi kuiweka, kwa sababu ya kufuli lenu.

Kuhusu UPS 5 (vifaa vya kuhifadhi umeme wa dharura) zilizomo kwenye mkataba, zilifika 2. Umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu mwezi Novemba, kompyuta 3 ziliungua.

Ninaomba haya yafanyike. Ndani ya siku 7 mtuandikie kompyuta 10 zilizobaki ziko wapi, mlimpa nani na lini, na zile zinazopatikana mzirudishe na diski zake. Hatutahitaji visingizio, tunazihitaji diski. Ndani ya siku hizo hizo mtukabidhi nywila zote kwa maandishi, kwenye bahasha iliyofungwa, mkononi mwa Mkuu wa Shule. Shilingi 330,000 zirudishwe kwenye akaunti ya shule, pamoja na 150,000 za mama yule, maana kompyuta yake tumeizuia kama ushahidi na kijana hana cha kujifunzia. UPS 3 zije, na kompyuta 3 zilizoungua zitengenezwe kwa gharama zenu.

Bodi ya Shule inakutana Ijumaa tarehe 30 Januari. Nimeelekezwa kuandaa lalamiko la kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na limekwisha kuandikwa. Kinachosubiriwa ni jibu lenu. Wakati huo huo tumeanza kuwatafuta wanafunzi waliokuwa kwenye folda ile ya malezi, mmoja mmoja, ili tuwaambie wenyewe kilichotokea. Hadi leo tumewapata 4.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

(Sahihi)
Mwalimu Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta
K.n.y. Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule