Kabla Hujasaini

Mwanangu,

Baba yako ameniambia mkataba umeshafika na kwamba unataka kuusaini kabla ya safari, ili ukifika huko uanze kazi mara moja. Mimi hukuniambia. Nadhani ulijua nitakuuliza kama umeusoma wote. Haya, nakuuliza kwa barua, kwa kuwa barua huwezi kuikata kama simu: umeusoma? Mpaka kurasa za mwisho, kule kwenye maandishi madogo?

Nimefurahi, usidhani vinginevyo. Mtoto wangu kuitwa akachore katuni za mashujaa na alipwe, jambo hilo nimelitangaza mpaka watu wakiniona wananikwepa. Ila wewe ukifurahi huwa husomi. Hata maelezo ya dawa husomi.

Sasa ule ubishi wetu juu ya Superman. Ulisema yote yaliyotangulia 1986 ni mambo ya kitoto, na kwamba John Byrne, aliyemwandika na kumchora upya mwaka huo, ndiye aliyemfanya awe mtu. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na wageni. Leo hatuna wageni.

Yule Superman wa kwanza, wa 1938, unamdharau kwa kuwa michoro yake inakuchekesha. Mtazame tena. Mara nyingi Joe Shuster hahangaiki hata kumchora macho. Anamwekea vistari viwili chini ya nyusi basi, na bado unajua kwamba mtu huyu amekasirika. Tena hapai. Anaruka kiasi cha mita 200, anatua, anaruka tena. Na angalia anapambana na nani. Katika toleo la kwanza la jarida lake, Action Comics, anamkamata mume anayempiga mkewe, halafu anamnyakua wakala mmoja anayemrubuni seneta na kukimbia naye juu ya nyaya za simu huku jamaa akipiga mayowe. Toleo la tatu anamfungia mwenye mgodi chini ya mgodi wake mwenyewe, pamoja na wageni wake wa karamu wakiwa na nguo zao nzuri, waonje wanayoyaonja wachimbaji. Toleo la nane anabomoa mtaa mzima wa mabanda ili serikali ilazimike kujenga nyumba za maana. Hakuna jitu la kutoka sayari nyingine humo. Jerry Siegel aliyeandika na Shuster aliyechora walikuwa vijana wa Cleveland waliokua wakati uchumi wa Marekani umeanguka, na hasira ya mhusika ni yao wenyewe. Hasira ya namna hiyo Byrne hajawahi kuichora. Mstari wake ni safi mno.

Na vijana hao walisaini. Kurasa 13 za hadithi ya kwanza, dola 10 kwa ukurasa, jumla dola 130, na mhusika akawa mali ya kampuni. Hundi yenyewe ipo hadi leo. Imeandikwa dola 412 kwa sababu ndani yake mlikuwa na malipo ya kazi nyingine pia, na majina ya wote wawili yamekosewa. Mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Karatasi ya hundi tu, mwanangu! Walikuwa na umri kama wako, walikuwa wamezungushwa na wachapishaji kwa miaka, na mtu aliyezungushwa hivyo akiletewa kalamu hasomi. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani. Superman hawakumpata, kesi ikaishia kwa suluhu ya fedha, na majina yao yakaondolewa kwenye kurasa.

Kwa hiyo nataka kujua mkataba wako unasema nini juu ya wahusika uliowabuni kabla hujawajua watu hao. Yule msichana wako ambaye kivuli chake kinatembea peke yake, umemchora tangu shule ya msingi, pembezoni mwa madaftari ya hesabu ambayo nilikuwa nayakuta na kupiga kelele. Je, akitokea kwenye kurasa zao siku moja, hata kwa utani, hata nyuma ya umati, bado ni wako? Na utakachochora usiku, nyumbani, kwa wino wako? Uliza. Usiulize kwa mdomo, andika.

Tuendelee. Zama unazoziita za kitoto hasa ni zile za Mort Weisinger, mhariri aliyeshika usukani mpaka 1970. Nakubali, mna mbwa mwenye joho. Mna mji mzima uliofinywa ndani ya chupa, na Kryptonite nyekundu, jiwe la kutoka sayari alikozaliwa, inayomfanyia Superman kituko kipya kila toleo. Lakini kaa usome ile hadithi ya 1961 ambamo Superman anauawa. Luthor, adui yake mkubwa, anajifanya ameokoka. Anagundua dawa ya saratani, watu wanamsamehe, Superman mwenyewe anamwamini. Kisha anamnasa, anamlaza chini ya miale ya Kryptonite, ile ya kijani inayomuua, na kuwalazimisha rafiki zake watazame mpaka anakata roho. Hafufuki. Ni hadithi ya kufikirika, wanakwambia hivyo tangu mwanzo, na bado inauma kuliko ile ya 1992 unayoitetea.

Hiyo ya 1992 naiheshimu kwa ufundi. Najua ulinionyesha wewe: toleo moja lina picha nne kila ukurasa, linalofuata tatu, linalofuata mbili, mpaka toleo la 75 la Superman ambamo Dan Jurgens anachora picha moja moja iliyojaa ukurasa, na ngumi zinakuwa kubwa kadiri nafasi ya kupumua inavyokwisha. Ni hesabu nzuri ya mchoraji. Ila anayemuua ni dubwana tu. Halina kinyongo wala historia naye, halijamdanganya mtu. Ziliuzwa nakala mamilioni, nyingine ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cha msiba cha kuvaa mkononi, na mwaka uliofuata marehemu akarudi. Wenyewe walikuwa wamepanga kumwoza kwa mpenzi wake Lois. Arusi ikaahirishwa ili isubiri tamthilia ya televisheni, ndipo wakaamua wamuue kwanza.

Lakini jambo nililotaka ulione kwenye ile ya 1961 ni jingine. Aliyeiandika ni Jerry Siegel. Alikuwa amerudi kwa kampuni ileile kumwandikia mhusika wake mwenyewe kama kibarua, chini ya Weisinger ambaye sifa yake ya kunyanyasa waandishi inajulikana, na jina lake halimo. Unasoma hadithi bora ya zama hizo na hakuna mahali unaambiwa imetoka kwa nani. Kwa hiyo jina lako pia liulizie. Litaandikwa wapi, na wakichapisha tena baada ya miaka utalipwa mrabaha au hapana?

Curt Swan ndiye aliyechora hiyo. Unasema watu wake wamesimama kama wanasubiri kupigwa picha. Mimi nakwambia hakuna aliyejua kumchora Superman akiwa na huzuni kama Swan. Ananyanyua nyusi kidogo tu katikati, midomo haifanyi lolote, na umeshaelewa. Uso aliouchora yeye ulikuwa ndio uso wa Superman kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1986. Kiasi kwamba mwaka 1970 Jack Kirby, Kirby mzima, mchoraji ambaye kila mtu katika kazi hii amejifunza kwake, alipochora Superman kwa mtindo wake ndani ya jarida la Jimmy Olsen, rafiki wa Superman, kampuni iliwapa wachoraji wengine wafute kichwa na kuchora upya. Mwili wa Kirby, kichwa cha mwingine! Ukifungua kurasa zile unaona shingo inapobadilika mkono. Hilo likikutokea wewe utalia, nakujua, na mkataba ndio utakaosema kama una haki ya kulia.

Miaka ya 1970 nitaipita haraka. Mwandishi Denny O'Neil alijaribu kumpunguzia Superman nguvu mwaka 1971, Kryptonite yote duniani ikageuka chuma, Clark Kent, yaani Superman akijifanya mtu wa kawaida, akawa mtangazaji wa televisheni. Wazo zuri, halikudumu.

Haya, Byrne. Nitakupa haki yako kwa jambo moja, na si lile ulilolitaja. Wewe unasema alimwondolea takataka: mbwa, binamu, mji wa chupa, akabaki yeye peke yake kutoka Krypton, sayari yake iliyoangamia, na Luthor akawa tajiri mwenye kampuni badala ya mwanasayansi wa gerezani. Sawa. Mimi ninachompa mkono ni kwamba aliwaacha Jonathan na Martha Kent, wazazi waliomlea, hai. Tangu 1939 wazazi wale wanakufa ili kijana aende mjini kuwa shujaa, kana kwamba mtu hawezi kuwa wa maana mama yake akiwa bado anapumua. Mwaka 1963 wakawaua tena kwa undani zaidi, kwa homa waliyoipata safarini, na Superboy, yaani Superman akiwa kijana, akashindwa kuwaokoa pamoja na nguvu zake zote. Byrne akaliacha hilo lote. Katika toleo lake la kwanza kijana anaokoa ndege ya anga za juu mbele za watu, umati unamrukia, kila mmoja anataka kipande chake, na yeye anakimbilia wapi? Nyumbani, shambani. Baba yake anamkalisha wanapanga afanyeje, mama yake anamshonea vazi. Mama ana kitabu alichobandika habari za mwanawe zilizokatwa magazetini. Kurasa hizo nimezirudia kuliko unavyofikiri. Mwaka 2011 kampuni ilipofuta yote na kuanza upya, wazazi walikufa tena, kwa ajali ya gari, na ndoa na Lois nayo ikafutwa kama haikuwahi kuwepo. Ile bukta nyekundu pia. Bukta ilirudi mwaka 2018 kwa sherehe ya toleo la 1000, na wazee nao walirudishwa baadaye. Unaona mpangilio wa vipaumbele.

Sitaki uelewe vibaya, si kwamba nakwambia urudi nyumbani kila umati ukikurukia. Ingawa chumba chako kipo.

Ila hilo la kufuta ndilo sitaki ulipite. Ulipoipenda 1986 ulikuwa unapenda mwanzo mpya, na kila mwanzo mpya kuna aliyefungiwa mlango. Swan alipewa kuchora hadithi ya kumuaga Superman wa zamani, iliyoandikwa na Alan Moore, na baada ya miaka thelathini ya kazi zama mpya zikaanza bila yeye kuwa mchoraji mkuu. Byrne mwenyewe aliondoka 1988. Mwandishi Grant Morrison mwaka 2011 akamvalisha Superman fulana na jinzi na kumtuma kuwatikisa matajiri wala rushwa, nikacheka, maana ni yule wa 1938 amerudi, yule wako wa kuchekesha. Mhusika anabaki, mkono unabadilishwa. Wewe ni mkono, mwanangu. Mkono mzuri sana, mzuri kuliko nilivyowahi kukwambia usoni, lakini soma kwanza.

Shuster alikuwa karibu kipofu ilipofika 1975. Kampuni ilikuwa inaandaa filamu ya mamilioni ya dola. Siegel akaandika barua ya wazi kwa hasira, wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson, wakaingia vitani kwa ajili yao, na mwishowe kampuni ikakubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarudisha majina yao. Yamo hadi leo kila toleo. Lakini ona ilibidi wapiganiwe na watu wengine, tena baada ya karibu miaka arobaini. Wewe una Neal Adams? Una shangazi yako, na shangazi yako anamfahamu wakili wa mambo ya hakimiliki, na wakili huyo amesema atausoma bila malipo. Kinachokuzuia sikijui. Aibu? Unaogopa wakiona unauliza watampa mwingine? Wakimpa mwingine kwa sababu uliuliza, basi ulikuwa hujakosa kitu. Sema unahitaji wiki moja. Kazi ya kweli haikimbii kwa wiki moja.

Na macho yako. Miwani ya zamani umeiacha juu ya kabati, nimeifuta na kuitia kwenye kasha lake, nitampa baba yako akuletee. Usichore usiku kwa taa ile ya mezani inayopepesa, nimekwisha sema.

Paa la chumba chako lilivuja kidogo upande wa dirisha. Fundi alikuja, akasema atarudi, hajarudi. Maboksi yako nimeyahamishia chumbani kwetu, baba yako analalamika kwamba hana pa kupitisha miguu. Madaftari ya hesabu yote yamo, hata yale niliyosema nimeyachoma. Tarehe ziko juu ya kurasa kwa mwandiko wa walimu wako, na yule msichana yuko pembeni na kivuli chake. Shangazi yako anasema wakili atapenda kuziona tarehe hizo, kwa hiyo usiniambie niyatupe.

Nitumie nakala ya mkataba leo hii, si kesho. Piga picha kila ukurasa, pamoja na ule wa mwisho ambao huwa unausahau. Mdogo wako anauliza kama anaweza kuchukua meza yako ya kuchorea. Nimemwambia akuulize mwenyewe, na wewe usimjibu vibaya, maana na yeye ameanza kuchora na hataki nikwambie.

Mama yako