Barua kwa wanamichezo wa Nigeria: zawadi haidaiwi, daini mkataba

Marahaba wanangu. Najua hamjaniamkia, ila nasikia huko kwenu kijana wa Kiyoruba akikutana na mzee analala kifudifudi kabisa na binti anapiga magoti, kwa hiyo nachukulia mshafanya, inukeni mkae. Naandika Kiswahili maana kiingereza changu kilikuwa cha kujaza fomu za uwanja wa ndege tu na chenyewe nimeshakisahau, ila Waswahili mnakutana nao huko kwenye mbio za Ulaya na vyuo vya Marekani, mmoja atawasomea. Na wa kwetu wakisoma nao wakajiona humo, sitakataa.

Mimi nilikimbia zamani, mita 800 na 1500, sikufika popote pa kuandikwa. Nilivaa jezi ya taifa mara 4, baadaye nikafundisha watoto wa shule hapa Arusha mpaka nikastaafu. Mambo yenu naonyeshwa na mjukuu kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ile klipu ya 2021, mwenzenu Enekwechi kafuzu fainali ya kurusha tufe Olimpiki ya Tokyo, mtu anarusha chuma cha kilo 7 na ushee zaidi ya mita 21, alafu anafua jezi kwa mkono kwa sababu anayo moja tu. Mjukuu alikuwa anacheka na mwenyewe Enekwechi aliiposti kama utani. Mimi nilikumbuka namna ya kufua jezi moja. Huikamui, ukiikamua namba inabanduka. Unaitandaza kwenye taulo la hoteli, unalikunja taulo kama chapati, unapanda juu yake unakanyaga kwa miguu mpaka maji yanyonywe, alafu unaitundika karibu na dirisha unaomba Mungu asubuhi isiwe na unyevu kwapani. Mambo haya mtu hafundishwi na kocha. Na jezi zilikuwepo, kampuni ya Puma walikuwa na mkataba na chama chenu cha riadha tangu 2019, wakubwa wakagombana wao kwa wao mpaka Puma wakavunja mkataba wakati wa Olimpiki hiyohiyo.

Sasa nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote ni maelezo yake. Nyie watu mnapewa zawadi nyingi sana na haki kidogo sana, na mmeanza kuzichanganya.

Angalieni dada zetu wa Super Falcons, timu yenu ya taifa ya mpira ya wanawake. Mwaka 2004 wamechukua kombe la Afrika, wakagoma kutoka hotelini Afrika Kusini mpaka walipwe. 2016 wamechukua tena, wakarudi Abuja wakakaa hotelini hawaondoki, ikafika mpaka wakaandamana kwenda bungeni. 2019 wametolewa na Ujerumani Kombe la Dunia kule Ufaransa, wakakaa tena hotelini wakidai hela zingine za miaka iliyopita. Yaani miaka 15 hawa wasichana wanapigana vita moja, wengine waliogoma 2004 walishastaafu na wengine wana watoto. Alafu Julai 2025 wakafungwa 2 na Moroko kwenye fainali palepale Rabat, wakarudisha zote wakaongeza la tatu, kombe la 10, wakafika Ikulu rais akawapa kila mmoja dola laki 1 na nyumba. Wasichana wa kikapu, D'Tigress, walipochukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano mfululizo siku chache baadaye nao wakapewa hivohivo. Nilifurahi, nisidanganye. Nilimwita hata bibi yenu aje aone wanavocheza.

Lakini wanangu, ile ni zawadi. Imetoka kwenye moyo wa mtu mmoja siku amefurahi. Ungefungwa 3-2 badala ya kufunga, ungepewa nini? Na miezi 4 tu baada ya sherehe ile, Novemba, Super Eagles, timu ya mpira ya wanaume, wako Moroko hiyohiyo wanajiandaa na mechi ya mtoano wa Kombe la Dunia, wakagomea mazoezi kwa sababu ya bonasi za nyuma. Hela ya kumwagia washindi ipo, hela ya kulipa kilichoandikwa haipo, mnaona ninachosema? Waliwapiga Gabon 4-1, wakaja kutolewa kwa penati na DR Kongo, na pale tena kila mtu akaanza kusema wachezaji wanapenda hela.

Na zawadi ina tabia zake. Timu ya 1994 iliyochukua Kombe la Afrika Tunisia iliahidiwa nyumba na serikali ya wakati ule. Nyumba zile zimeidhinishwa 2022. Hesabuni, miaka 28. Yekini, yule aliyefunga goli la kwanza la Nigeria kwenye Kombe la Dunia akang'ang'ania nyavu analia, alishakufa tangu 2012. Keshi kapteni wao kafariki 2016. Mtu anaahidiwa nyumba ana miaka 30 inakuja kukabidhiwa kwa warithi. Na huwezi kwenda mahakamani, utasema nini, kwamba rais alisema? Zawadi haidaiwi. Mkataba unadaiwa, una tarehe, una kiasi, una sahihi ya mtu mwenye jina.

Hapo ndo nataka mnisikilize vizuri maana na mimi niliumia hapohapo. Tulikuwa tunarudi kutoka mashindano nchi ya jirani, miaka ya themanini, tumelala hoteli moja ya kawaida, usiku afisa wa msafara akapita mlango kwa mlango na fomu ya posho. Sehemu ya jina imejazwa. Sehemu ya kiasi imeandikwa kwa penseli. Sehemu ya sahihi akakupa kalamu ya wino. Tulikuwa tumechoka, tuna njaa, tukasaini wote kwenye ule ukuta wa korido, wa mwisho hata hakusoma, na mimi ndo nilikuwa wa mwisho. Hela niliyopokea haikutosha nauli ya basi kutoka mjini mpaka kwetu. Nilipokwenda kuuliza ofisini, ofisi yenyewe sitaji jina na waliokuwepo wengi washatangulia mbele za haki, yule karani akanigeuzia karatasi, pale palipokuwa na penseli sasa pana wino na kiasi ni kingine kabisa, akaniambia "si umesaini mwenyewe?" Nilisaini mwenyewe kweli. Sikuwa na nakala.

Nyie mna simu. Kabla hujasaini chochote piga picha, baada ya kusaini piga tena. Na usisaini penseli.

Mnakumbuka Tokyo wale wenzenu 10 waliozuiliwa kukimbia. Nchi yenu ilikuwa imeshawekwa kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya dawa za kuongeza nguvu michezoni, na sheria ya kundi hilo inajulikana, mwanariadha apimwe kwa kushtukizwa mara 3 nje ya mashindano ndani ya miezi 10, na kati ya kipimo na kipimo zipite wiki 3. Kuhakikisha hilo linafanyika ni kazi ya viongozi. Hawakuhakikisha. Vijana wakaandamana palepale Tokyo na mabango kwamba wao si wahalifu, wanataka kukimbia tu, dunia nzima ikaona, na hakuna kilichobadilika kwa siku ile maana mlango ulishafungwa. Mmoja wao Favour Ofili. Miaka 3 baadaye Paris huyohuyo Ofili kafuzu mita 100, siku zimefika anaambiwa jina halikupelekwa. Jina tu, kujaza jina. Waziri akaomba radhi, chama kikasema hivi, kamati ya Olimpiki ikasema vile, kila mmoja anamwonyesha mwenzie kidole. Binti akaenda kukimbia 200 na hasira zake akaingia fainali.

Mimi ningekuwa babu yake wa kumzaa ningelia barabarani. Lakini ningemwambia pia hivi, na nawaambia nyie mliobaki: tangu leo msiamini mtu na jina lenu. Orodha ya majina inapelekwa na tarehe yake ya mwisho inajulikana miezi kabla, takeni muone uthibitisho kwa macho, skrinishoti, kabla ya tarehe hiyo. Vipimo vyenu hesabuni wenyewe, kila mmoja awe na kadaftari, leo nimepimwa mkojo, tarehe fulani damu, na ikifika miezi 5 kabla ya mashindano umepimwa mara 1 anza kupiga kelele hapo, kwa barua, kwa chama na nakala kwa wale wa kimataifa. Sio kazi yenu, najua! Mwanariadha kazi yake kula kulala kukimbia. Ila mabango ya siku ya mashindano yanaleta huruma, na huruma haiingizi mtu kwenye reli namba 4.

Alafu kuna hili na naomba wa mpira msinune. Wakati Eagles waligomea mazoezi ilichukua siku 1, hela ikapatikana wakarudi uwanjani. Siku 1! Kwa sababu mnaogopwa, mkikaa chini mechi inavunjika. Sasa yule binti wa baskeli, Ese Ukpeseraye, kafika Paris kapangiwa mbio za ndani ya uwanja na hana baskeli ya mbio hizo, akaazima kwa Wajerumani. Yeye akigoma nani ataogopa? Watamwambia sawa, rudi nyumbani. Kwa hiyo siku nyingine mkikaa na viongozi mezani, mkiwa mmekunja mikono na wao wanatoka jasho, wekeni na jambo la riadha pale, wekeni la baskeli na la mieleka, semeni hatuvai viatu mpaka kuwe na mkataba wa wote, wa kila mchezo, unaosainiwa kabla ya kambi na sio baada ya medali. Mnacheza ligi kubwa za Ulaya mna mawakili wenu binafsi, mkopesheni wakili huyo mwenye baskeli ya kuazima hata wiki moja.

Msinijibu kwamba Afrika haiwezekani. Rio 2016 Kenya walifanya madudu yao kwenye Olimpiki ileile ambayo nyie mlikwama Atlanta, Marekani, mkiwa njiani, vifaa vya wanariadha viliibiwa, watu wasiohusika wakapandishwa ndege. Kesi ikaenda mahakamani 2018, ikavuta karibu miaka 3, lakini 2021 aliyekuwa waziri wa michezo na kiongozi wa msafara wakapatikana na hatia wakapigwa faini, yule wa msafara ya zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya. Kilichowaumiza ni tiketi na posho, vitu vyenye karatasi.

Na hiyo Atlanta yenu sijaisahau. Timu ya mpira imekwama Marekani mambo ya ndege hayajalipwa, inafika Manaus masaa machache kabla ya mechi na Japani, inashinda 5-4, Etebo anafunga 4. Daktari mmoja wa Japani, Takasu, akasoma habari zenu akatoa dola laki 3 na elfu 90 mfukoni mwake. Mjapani. Ambaye mmemfunga. Mkarudi na shaba, na nina hakika kuna kiongozi alipiga nayo picha.

Kwa wanaohama, sitawatukana. Obikwelu aliumia Sydney 2000 akasema mliomtuma mlimwacha, Ureno wakamchukua, Athens 2004 akawapa medali ya fedha ya mita 100. Wengine wako Bahrain, na 2025 habari zikatoka Ofili naye anaomba Uturuki. Mtu akiona mlango anaufungua. Ila wewe mdogo wa miaka 18 unayetumiwa meseji na wakala saa 6 usiku kwamba kuna nchi inakutaka, nenda kwa yule aliyehama kabla yako, muulize analipwaje akiumia goti, na huo mkataba wa huko nao uusome mpaka nyuma ya karatasi. Penseli ziko kila mahali.

Nimechoka, mjukuu anataka simu yake. Nisalimieni wote, na yule binti wa baskeli mwulizeni kama Wajerumani walimwachia hata kofia.