Wenyeji wa Kanada hawakuwa nyasi

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya vita vya kikoloni vilivyoizaa Kanada nimetumiwa na mdogo wangu yuko Morogoro, mimi niko huku Montreal, nimeisoma yote na kusema kweli imeandikwa vizuri ila ina shimo kubwa katikati. Mwandishi anasema Mfaransa na Mwingereza walipigana, Wolfe wa Mwingereza akamshinda Montcalm wa Mfaransa pale Quebec tarehe 13 Septemba 1759, majenerali wote wawili wakafa, basi, kazi imeisha. Wenyeji kawamalizia kwa ile methali ya fahali wawili na nyasi.

Jamani, wale hawakuwa nyasi.

Angalieni 1609. Mfaransa Champlain ndo kwanza ana mwaka mmoja tangu aanzishe mji wa Quebec, watu wake wachache, ubavu wa kwenda kumchokoza mtu hana. Waliompeleka vitani kwenye ziwa ambalo leo lina jina lake ni mataifa ya wenyeji, Wahuron, Waalgonquin na Wainnu, walikuwa kama 60 hivi na yeye kaja na Wafaransa wenzake wawili tu, adui ni Wamohawk, wenyeji vilevile. Vita ilikuwa ya wenyewe, yeye kaleta bunduki. Viongozi wa Wamohawk wakaanguka siku ile, na baadaye Wairoquois, ambao Wamohawk ni wenzao, nao wakapata bunduki kwa Waholanzi, biashara ya ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni, ikazidi kuchochea moto, mpaka 1649 vijiji vya Wahuron vikasambaratishwa kabisa. Kuja kupatana na Mfaransa na wenyeji rafiki zake ni 1701, hapahapa Montreal, wajumbe zaidi ya 1,300 wa mataifa karibu 40, na Wairoquois wakaahidi kwamba Mfaransa na Mwingereza wakipigana wao hawamo. Sasa nyasi gani hiyo inayokaa mezani na gavana wa Mfaransa?

Hata hiyo 1759 haikumaliza kitu. Aprili 1760 Lévis, jenerali wa Mfaransa, aliwapiga Waingereza pale Sainte-Foy nje ya mji wa Quebec wakakimbilia ndani ya kuta za mji, ikabaki kusubiri barafu iyeyuke kwenye mto waone meli za nani zitatangulia. Zikatangulia za Mwingereza, Montreal ikasalimu amri Septemba. Halafu kwenye mkataba wa Paris 1763 Ufaransa ikaiachia Kanada, ikarudishiwa Guadeloupe yenye sukari, yaani kisiwa cha miwa kikaonekana kina faida kuliko nchi yote hii!

Waakadia nao wamepewa mstari mmoja, walowezi wa Kifaransa wa upande wa Nova Scotia waliokataa kula kiapo cha utii kwa Mwingereza bila masharti, wakaanza kupakiwa melini 1755 na mashamba yao kuchomwa, zaidi ya 10,000 walihamishwa kwa nguvu. Na Sheria ya Quebec ya 1774 haimo kabisa wakati ndiyo iliyowaachia Wafaransa dini yao na sheria zao za kiraia, mimi naona Mwingereza hakufanya kwa huruma, aliogopa makoloni yake ya kusini, ambayo leo ni Marekani, yalivyokuwa yanachemka. Wakongo na Warundi tunaoishi nao huku walikuja Quebec kwa sababu Kifaransa bado kipo.

Kubwa zaidi ni hili. Wamikmaq, wenyeji wa upande wa Nova Scotia, walisaini mikataba ya amani na Mwingereza 1760 na 1761. Mwaka 1993 Mmikmaq mmoja, Donald Marshall, alikamatwa Nova Scotia kwa kuvua mikunga bila leseni, mikunga yenyewe aliiuza dola 787 na senti 10, kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Kanada, na Septemba 1999 majaji wakasema mkataba ule wa enzi za vita bado unafanya kazi, ana haki ya kuvua na kuuza apate riziki ya kawaida. Wavuvi wasio wenyeji walikuja juu, mitego ya Wamikmaq ya kuvulia kambakoche ikaharibiwa, na ugomvi huo wa baharini ulirudi tena 2020.

Kama kuna sehemu ya pili, naomba mwandishi aanzie kwa Wamikmaq.

Msomaji wenu,
Montreal